Saa 1,000 za ukungu wa chumvi ni miaka mingapi baharini?

Mkuu uliyeuliza kuhusu boliti za boti: umesema muuzaji amekuonyesha cheti cha saa 1,000 kwenye ukungu wa chumvi, akakuapia kuwa ni sawa na miaka 10 baharini. Cheti kinaweza kuwa halali kabisa. Hiyo miaka 10 ndiyo kaitunga yeye. Nimefanya kazi maabara ya vyuma, kila siku naozesha vyuma vya watu makusudi, kwa hiyo ngoja nikueleze kinachotokea mle kabatini.

Kipimo chenyewe ni cha kale, kiwango cha ASTM B117 (ASTM ni shirika la viwango la Marekani) kilitoka mwaka 1939. Unapanga sampuli kwenye kabati lililofungwa, joto nyuzi 35, unazipulizia ukungu wa maji yenye chumvi ya kawaida asilimia 5, usiku na mchana bila kupumzika. Hakuna jua, hakuna kukauka, hakuna kiumbe hai. Sasa boliti yako ikiwa sehemu ya kupwa na kujaa, inalowa, inakauka, inachomwa na jua, inalowa tena. Zinki iliyopakwa juu ya chuma ikipata nafasi ya kukauka hewani hujijengea ngozi ya kaboneti inayoilinda. Kabatini haipati nafasi hiyo, inaliwa upesi kuliko inavyostahili. Rangi huwa kinyume chake: inamaliza saa zake salama, halafu ikitoka nje jua linaichakaza. Ndiyo maana nasema kabati halikimbizi muda tu, linapindua hata nani ashinde nani. Lenyewe linafaa kukagua kama mzigo wa leo umepakwa vizuri kama wa mwezi jana, basi.

Nami niliwahi kudhani kuharakisha kutu ni kazi nyepesi. Siku za mwanzo nilichukua vipande vya chuma cha kawaida, nikavitia kwenye maji ya bahari, nikapandisha joto hadi karibu na kuchemka, chombo kikiwa wazi. Nilitarajia balaa. Vikatoka na kutu kidogo kuliko vya ndoo iliyokaa chini ya meza! Fundi mkuu akacheka sana, akaniuliza, "Oksijeni umeiacha wapi?" Chuma kwenye maji ya bahari hula oksijeni iliyoyeyuka humo, na maji yakikaribia kuchemka hewa yote inatoka. Sikukoma. Mara ya pili nikazidisha chumvi, nikapata jibu lilelile, kwa sababu maji yakikolea chumvi hubeba oksijeni kidogo. Kutu ya chuma huwa kali zaidi chumvi ikiwa karibu asilimia 3, 3.5 hivi, yaani palepale bahari ilipo.

Ukitaka namba ya kuaminika, pima uzito. Tuseme kipande chenye eneo la sentimita za mraba 100 kimekaa saa 720, ukakisafisha kutu, ukakuta kimepungua gramu 0.9. Zidisha 0.9 kwa 87,600 (saa 8,760 za mwaka mara milimita 10 za sentimita), gawa kwa 7.87 (gramu za chuma kwa kila sentimita ya ujazo), kwa 100 na kwa 720. Unapata kama milimita 0.14 kwa mwaka. Lakini usizidishe kwa 10 ukasema ndiyo miaka 10! Mwezi wa kwanza chuma kiko uchi, baadaye kutu yenyewe inapunguza kasi. Chuma kinachozama muda wote huzunguka milimita 0.1 kwa mwaka kikikaa muda mrefu. Pale mawimbi yanaporukia huliwa mara kadhaa zaidi.

Kuna vipimo bora kidogo vya mizunguko. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14993 kinanyunyiza chumvi saa 2, kinakausha saa 4 kwa nyuzi 60, kinaloanisha saa 2, kisha kinaanza upya. Muulize muuzaji kama anacho. Bado hakina ukoga, na kwa stenlesi (chuma cha pua kisichoshika kutu upesi) ukoga ni jambo kubwa: ule utando wa vijidudu hupandisha volti ya chuma, na vitobo huanza kwenye upenyo chini ya nati. Maji ya bahari yaliyotengenezwa maabara hayakuonyeshi hilo, na hata ya kweli yakilala kwenye pipa vijidudu hufa. Kwa boliti za chini ya maji, stenlesi ya daraja 304 isahau. Daraja 316 ina madini ya molibdeni asilimia 2 hadi 3, ina nafuu, ila nayo upenyo huitoboa.

Ushauri wangu: kwa kila seti nunua boliti mbili mbili za kila aina, pima uzito, zitundike kwenye nguzo ya gati: seti moja chini ya maji ya kupwa, nyingine katikati, nyingine juu wimbi linaporukia. Kaza nati na washa (kile kipete cha chini ya nati) kama utakavyokaza kwenye boti, maana ndipo ugonjwa unapojificha. Fungua baada ya miezi 6, kisha mwaka. Na tumia kamba ya nailoni, usifunge kwa waya wa shaba. Mimi nilifunga hivyo, zinki ikaisha kabla sijajua ni bahari au ni waya.