HiAce yenye pua: utazame nini kabla ya kulipa?

SWALI: Salamu, Bwana fundi. Nina Toyota HiAce ya 2008, injini ya mazutu ya lita 2.5, na gari hizi nazipenda tangu utotoni. Juzi huku Birere nimekutana na HiAce mpya kwa mara ya kwanza: ina pua, na injini haiko tena chini ya kiti. Mwenyewe anaiuza. Je, ni HiAce kweli? Itaweza mawe ya kwetu?
*Msomaji, Ndosho, Goma*

JIBU: Ndugu msomaji, ni HiAce kweli. Kizazi hicho kinaitwa H300, nacho kilizinduliwa Manila, Ufilipino, Februari 2019. Yako ni H200, iliyotoka 2004, ambayo Wajapani wameendelea kuiuza kwao hata baada ya hii mpya kutoka. Hapo ndipo wanunuzi wanapochanganywa, maana injini ya mazutu ya 1GD, ya lita 2.8, imo kwenye gari yenye pua na imo pia kwenye H200 za Japani tangu mwishoni mwa 2017. Basi maneno ya muuzaji yaweke kando, usome kibati cha namba ya modeli. KDH ni ukoo wa injini yako, yaani KD, TRH ni petroli, GDH ni 1GD. Tarakimu inayofuata herufi hizo ikiwa 2, ni bodi ya zamani. Ikiwa 3, ni hiyo uliyoiona.

Pili, tazama usukani. Sisi huku Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. HiAce yenye usukani wa kulia mlango wake wa abiria uko kushoto, kwa hiyo watu wanashukia katikati ya barabara, kwenye pikipiki. H300 hutengenezwa pia kwa usukani wa kushoto, mlango ukiwa kulia, kwa mfano zile za nchi za Ghuba. Ukiipata hiyo, ongeza bei kidogo uichukue. Kwa gari ya abiria hatuoni sababu ya kuchukua nyingine.

Sasa ingia chini ya gari. Mbele, H200 yako inabebwa na fito mbili za chuma zinazojinyonga, na fundi akikaza boliti zake gari inainuka. Kwenye H300 fito hizo hazipo. Kuna springi ya kuzunguka na shokamzoba vilivyoshikana, kila upande wake. Anayekuahidi kuiinua kwa kukaza boliti hajaifungua bado. Mwambie mtu azungushe usukani gari ikiwa imesimama, nawe uweke mkono juu ya springi. Ikigonga au ikiruka, kikalio cha juu cha springi kimekwisha, na mawe ya lava hukimaliza mapema. Nyuma utakuta springi za bapa kama ulivyozoea; tafuta jani lililopasuka karibu na boliti ya katikati.

Kisha fuata ekzosi kwa macho. Ukiona kopo nene lenye vipaipu viwili vyembamba vinavyopanda kwenye kihisio cha presha, hilo ni chujio la masizi. Linajisafisha kwa kuchoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo linahitaji mwendo wa barabara kuu usiokatika. Gari inayosimama kila mita 200 kati ya Ndosho na mjini hailifikii. Chujio linaziba, mazutu ambayo hayakuungua yanashuka ndani ya oili, na oili inakuwa nyepesi. Chomoa kijiti cha oili: kiwango kikiwa juu ya alama na harufu ni ya mazutu, achana nayo. Kwa kazi ya mjini, tafuta iliyotengenezwa bila chujio hilo.

Mazutu ya bidoni ni hatari kwa injini zote mbili, lakini 1GD inasukuma mafuta kwa presha inayopita bar 2,000, na tone la maji linatosha kuharibu nozeli. Fungua kizibo cha chini ya chujio la mazutu, pampu kwa mkono, kinga kwenye chupa ya kioo. Maji yatakaa chini utayaona.

Zuri lake kubwa ni mnyororo wa taimingi, wakati KD yako ina mkanda wa kubadilishwa.

Kuhusu urefu: ile ndefu ina mita 5.915, na kati ya ekseli mbili mita 3.86, wakati H200 iliyo ndefu zaidi ina 3.11. Umezoea kukalia tairi za mbele. Katika hii ziko mbele yako, na tairi ya nyuma inakata kona kwa ndani. Usipochelewa kukunja, italamba jiwe la pembeni.

SWALI: Injini yangu ya 1KD ya lita 3.0, taa ya oili inachelewa kuzima asubuhi. Fundi anataka kubadilisha pampu ya oili. Nikubali?
*Dereva, Kadutu, Bukavu*

JIBU: Bado. Kwanza usiiwashe tena, maana beringi za shafti ndizo zinazolipa. Mwambie afungue sampu, karai la oili chini ya injini, atazame chekecheke ya kunyonyea oili. Kwa injini hii mara nyingi inakuwa imezibwa na masizi magumu. Chanzo chake ni washa za shaba, zile pete bapa za kuziba, chini ya nozeli nne: zikivuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili na kuipika. Badilisha washa zote nne, kwangua vikalio vyake hadi ving'ae, safisha chekecheke, weka oili na chujio vipya. Washa ya shaba iliyowahi kufunguliwa hairudishwi. Presha ikibaki chini baada ya hapo, ndipo pampu ipimwe.

SWALI: Rimu za HiAce ya zamani zinaingia kwenye yenye pua? Zote zina boliti sita.
*Msomaji, Katindo, Goma*

JIBU: Haziingii. Kipenyo cha mduara wa boliti ni milimita 139.7 kwenye H200, na 130 kwenye H300. Usikubali matundu yatanuliwe kwa drili.