Je, Kumpeleka Rafiki kwa Mtaalamu ni Kumtupa?

SWALI: Rafiki yangu wa tangu shuleni aliachwa na mumewe miezi minane iliyopita. Karibu kila usiku hunipigia simu kusimulia yale yale, nami humsikiliza hadi usingizi unilemee. Hali chakula vizuri, halali usingizi, na kazini ameshaonywa mara mbili. Nikimshauri amwone mwanasaikolojia, je, hataona kwamba nimemchoka?

JIBU: Humtupi, dada yangu. Simu inayopokelewa usiku wa manane na mtu anayemjua tangu utotoni ni kitu ambacho hakuna mtaalamu awezaye kumpa. Hata hivyo, mapenzi hayo hayo ndiyo yanayokufunga: anaposema, "Kosa ni langu," wewe unakimbilia kumwambia, "Si kosa lako," na mazungumzo yanaishia hapo. Mtaalamu hakimbilii kumfariji, bali atamwuliza alianza lini kuamini hivyo, wazo hilo humjia wakati gani na humfanya atende nini, kisha juma linalofuata atayarudia majibu yake. Kikao hicho, ambacho aghalabu huchukua dakika 45 hadi 60, ni cha rafiki yako peke yake. Hana haja ya kuchelea kumchosha anayemsikiliza, na siri zake zinalindwa na maadili ya kazi, isipokuwa pale uhai unapokuwa hatarini.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Amanda Rose wa Marekani alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliokuwa wakilichambua tatizo lile lile na marafiki zao tena na tena: urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, lakini dalili za huzuni na hofu nazo zilikuwa nyingi zaidi. Ninyi ni watu wazima, lakini simu zenu za usiku zinanikumbusha hayo.

Akitamka wakati wowote kwamba amechoka kuishi, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, bali mfikishe hospitali mara moja. Kwa sasa, usimwambie, "Nenda katibiwe," maana atasikia mlango ukifungwa. Mwambie utamsindikiza siku ya kwanza na kumsubiri nje mpaka atoke, na kwamba simu yako utaendelea kuipokea.