Tangazo limesema "ufadhili". Tutarudisha au haturudishi?

SWALI: Asalaam aleikum mshauri. Mimi na ndugu zangu wawili tuna kampuni iliyosajiliwa hapa Lamu. Tunatengeneza barafu na kununua samaki kwa wavuvi. Tumetumiwa kwa WhatsApp picha ya tangazo la shirika moja la serikali la maendeleo, imeandikwa "ufadhili kwa kampuni za wenyeji hadi shilingi milioni 5". Kuna bwana ametwambia fomu zake ni ngumu, tumpe elfu 15 atujazie, na kwamba ana mtu wake Nairobi. Hati ya shamba au nyumba hatuna. Picha yenyewe nimekutumia. Je, pesa hizi zinarudishwa? Na huyu bwana tumpe? Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. La pili nalijibu kwanza kwa kuwa ni jepesi: msimpe. La kwanza ndilo linalonipandisha presha, maana sipitishi wiki bila kuulizwa, na anayeuliza mara nyingi ameshatia sahihi.

Tuanze na neno lenyewe. Huku kwetu mfadhili ni mtu aliyechimba kisima kijijini, aliyeezeka madrasa, aliyemlipia mtoto wa jirani karo mpaka akamaliza. Sijasikia kijiji kilichomrudishia mfadhili pesa za kisima kwa awamu, tena na riba. Basi mtu wa Amu, yaani Lamu yetu hii, akisoma "ufadhili wa serikali", moyo wake unakwenda huko huko kwenye kisima. Aliyeandika tangazo, akiwa ofisini Nairobi, alikuwa na neno la Kiingereza lenye maana pana ya kugharamia biashara kwa njia yoyote ile. Akampa mfasiri, mfasiri akaokota "ufadhili", kazi ikaisha. Miaka miwili baadaye mkopo haulipwi, na maafisa wanatikisa vichwa: shukrani ya punda ni mateke. Lakini punda huyo aliambiwa anapewa, hakuambiwa anakopeshwa.

Chini ya neno hilo moja hukaa vitu ambavyo havina undugu. Kuna mkopo, ambao ndio sehemu kubwa ya fedha za mashirika haya. Shirika la Kenya Industrial Estates, linalokopesha viwanda vidogo tangu 1967, hukopesha. Kenya Development Corporation, lililozaliwa kwa kuunganisha mashirika matatu ya zamani, likiwemo lile lililokuwa likikopesha mahoteli, nalo hutaka pesa yake irudi. Kuna ruzuku, ambayo hairudishwi. Ipo, siikatai, lakini huja kwa nadra, kwa kundi maalumu na kwa mashindano. MbeleNaBiz, mashindano ya vijana wenye biashara, ilitoa shilingi 900,000 kwa ngazi moja na milioni 3.6 kwa ngazi nyingine, na waliozipata walishindanisha michanganuo yao ya biashara na maelfu ya wenzao. NYOTA, mpango wa serikali wa vijana, inampa kijana wa miaka 18 hadi 29 shilingi 50,000. Nyinyi ni kampuni, hilo si mlango wenu. Mfuko wa Uwezo nao si wenu: ni wa vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, hauna riba ila una ada ya asilimia 3, na bado ni mkopo.

Halafu kuna dhamana ya mkopo, ambayo watu huielewa vibaya kuliko zote. Serikali ilianzisha mpango wa namna hiyo 2020. Pesa inayotoka ni ya benki. Serikali inaiambia benki kwamba huyu akikwama, sehemu ya hasara nitaibeba mimi. Nimemwona mtu na masikio yangu yakamsikia akisema, "Serikali imenilipia nusu." Haikukulipia ndugu yangu, ilimtuliza benki. Wewe unadaiwa mpaka senti ya mwisho.

Sasa tazama ile picha mliyonitumia. Juu, kwa herufi za kijani, ufadhili na milioni 5. Chini, kwa Kiingereza cha maandishi ya sisimizi, wametaja muda wa kulipa, asilimia ya mwaka, dhamana, yaani mali ya kushikiliwa msipolipa, na mahesabu ya biashara ya miaka mitatu. Mtoa sadaka haulizi dhamana. Huo ni mkopo, na mtarudisha.

Na kuna hilo neno dogo, "hadi", ambalo limewatia watu wengi kwenye deni kuliko riba. Hadi milioni 5 ni dari ya nyumba, kitanda chako kinaweza kuwa chini kabisa. Shirika hupima mauzo yenu, likaona mnaweza kubeba laki sita, likatoa laki sita. Lakini mtu amekwisha kuagiza mashine ya milioni 3 na kumlipa fundi arubuni, kwa sababu tangazo "lilisema milioni 5".

Mashirika haya siyaachi hivi hivi. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini masharti yanayofunga mtu huandikwa kwa lugha moja, na yale ya kumvutia ndiyo yanayotafsiriwa. Tangazo hutoka gazetini, nakala chache za gazeti hilo zinafika Lamu, kisha picha huanza kutembea kwenye simu. Kila anayeipeleka mbele anakata kidogo ili iingie vizuri kwenye kioo, na sehemu inayokatwa ni ile ya chini. Wakija wenyewe, wanafanya mkutano wa saa mbili hotelini, soda na sambusa, picha na mheshimiwa, boti ya Mokowe kabla ya alasiri. Hakuna aliyekaa chini na muuza samaki akamwambia: ukichukua laki sita, kila mwezi utalipa kiasi hiki, kwa miezi mingapi, na ukishindwa tutachukua hiki. Dakika kumi tu. Nilikuwa afisa wa mikopo kwa miaka kadhaa, najua ni dakika kumi, na najua hatukuzitoa.

Penye pengo hilo ndipo anapokaa huyo bwana wenu. Madalali wa fomu. Msemo wao ni mmoja tu, mkono mtupu haulambwi, na wakishausema wanajiona wamekwisha toa hoja. Hawana mtu Nairobi. Akiwa naye kweli, basi ni hatia juu ya hatia, na siku ya kuulizwa jina lililo kwenye fomu ni la kampuni yenu. Wanachofanya ni kuchukua mchanganuo mmoja wa biashara na kubadilisha ukurasa wa mbele. Mwaka mmoja zilinipitia mezani faili kumi na moja zenye kurasa zile zile, hadi makosa ya tahajia. Moja ilikuwa ya mvuvi wa Faza. Ukurasa wa nne ulieleza kwamba ataanza na ng'ombe watatu wa maziwa na soko lake ni wakaazi wa Githurai, kule Nairobi. Nilicheka, kisha nikamwita mzee wa watu, na akaniambia alitoa elfu 20 kwa kazi hiyo. Ombi lilikataliwa. Elfu 20 hazikurudi.

Wengine siku hizi hawaombi hata kujaza fomu. Wanatuma ujumbe: umeidhinishwa, lipa ada ya usajili ili pesa itolewe. Shirika lenye ada huitaja wazi kwenye masharti yake na kukupa risiti, wala ada hiyo hailipwi kwa namba ya mtu binafsi. Anwani yake ya mtandao mara nyingi huishia .go.ke. Ile yenye jina la serikali mwanzoni na .com mwishoni si yao, hata ikiwa na picha ya Rais. Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo ya simu, tangu ilipozinduliwa Novemba 2022, mtu anaingia kwa *254# kwa simu yake mwenyewe, na bado nakutana na watu waliolipa mia tano ili "waunganishwe".

Kuna na wale wenye kanzu safi wanaokuja na maneno ya dini: chukueni, hii haina riba. Kubadilisha jina la riba ukaiita ada ya usimamizi ni jambo la karani, halali na haramu ni jambo jingine. Kama linawagusa, na najua kwenu linagusa, ulizeni kwa maandishi kama lipo fungu la murabaha, yaani mwenye pesa anainunua mashine ya barafu yeye mwenyewe kisha anawauzia kwa bei iliyo wazi mnayoilipa kidogo kidogo. Jibu mlipeleke kwa sheikh mnayemwamini. Dalali hana fatwa.

Kuhusu hati msivunjike moyo. Ninajua hali ya ardhi Lamu, mtu amezaliwa kwenye kiwanja, babu yake amezikwa hapo, na karatasi hana. Tangu 2017 tuna sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana: mashine ya barafu, friza, injini ya boti, hata pesa mnazodai mahoteli ya Shela, mradi iwe imeandikwa. Mkopeshaji halazimishwi kuikubali. Lakini anayewaambia bila hati ya shamba hakuna mlango, ama sheria hiyo haijui au anawatayarishia bei.

Kabla ya fomu, andikeni barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili na inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Ulizeni: ni mkopo au ruzuku? Riba au ada ni kiasi gani kwa mwaka, na inahesabiwa juu ya deni lote au juu ya lililobaki? Mali gani inakubaliwa kuwa dhamana? Tukichelewa mwezi mmoja nini kinafuata? Mkipuuzwa, mlalamikie Tume ya Haki ya Utawala. Mara nyingi hamtafika huko, barua yenye namba ya kifungu husomwa haraka kidogo.

Na swali la tano, ambalo sijawahi kuliona kwenye fomu yoyote: kusi, ule upepo wa kusini. Kati ya Aprili na Septemba bahari inapochafuka, mashua ndogo hazitoki nje, samaki wanapungua, na barafu yenu inalala. Mkopo haujui kusi. Ukiusaini Februari, kaskazi bado inavuma na mifuko imejaa, malipo ya kwanza mtayaona mepesi, ya Juni mtauza friza. Ombeni muda wa kusubiri kabla ya kuanza kulipa, au malipo madogo miezi ya kusi na makubwa kuanzia Novemba. Ombeni mapema na liingie kwenye mkataba. Afisa akishangaa, mwonyesheni daftari lenu la mauzo mwezi kwa mwezi. Kama daftari hilo halipo, basi hapo ndipo kazi ilipo, wala si kwenye fomu.

Cheti cha kampuni, barua ya CR12 yenye majina ya wakurugenzi na cheti cha ulipaji kodi mnaviomba wenyewe mtandaoni, kwa simu hiyo hiyo mliyoniandikia. Kinachobaki ni yale mahesabu ya miaka mitatu. Chukueni risiti zote, hata zilizolowa maji ya samaki, mzianike, mzipange kwa mwezi, mtafuteni mhasibu mwenye leseni, na ile elfu 15 iwe malipo yake ya kwanza.