Kabla hujafungua stata ya trekta, fuata umeme

Mvua za kwanza zikikaribia huku Nachingwea na Masasi, simu zinazonijia ni za aina moja: "Kaka, trekta imegoma, stata imekufa." Nikiuliza umejuaje kuwa ni stata, naambiwa ukizungusha ufunguo ni kimya. Mara nyingi stata yenyewe, ile mota ya kuzungusha injini iwake, imeshafunguliwa, imo ndani ya mfuko mtupu wa salfa, unga wa dawa ya mikorosho, inasubiri bodaboda wa kuipeleka mjini kwa fundi.

Mimi nalimia Massey Ferguson 165, na niwaambie ukweli: stata za matrekta haya ya zamani hazifi kirahisi. Kinachoharibika upesi ni njia ya umeme wa kuifikia. Kwetu kusini hali ni mbaya zaidi. Walio Mikindani na Kilwa wana chumvi ya bahari, na karibu sote tuna salfa ya mikorosho. Unga ule ukitua kwenye shaba yenye unyevu, shaba inapiga weusi, na weusi huo unazuia umeme. Sasa trekta iliyolala chini ya mkorosho tangu salfa ya Juni mpaka msimu wa kulima, unategemea nini?

Anza na taa. Ziwashe, mwambie kijana azungushe ufunguo, wewe zitazame. Zikififia sana au kuzima, basi betri imechoka au kuna mahali umeme unabanwa kwenye vichwa vya betri na nyaya nene. Injini iliyokwama nayo hufifisha taa, kwa hiyo jaribu kuizungusha kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele. Taa zikibaki zinawaka vilevile na husikii chochote, stata haijapata amri. Hapo chunguza swichi ya ufunguo, waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi (swichi kubwa inayopitisha umeme kwenda kwenye stata), na swichi ya usalama. Kwenye Massey nyingi za zamani ule mkono wa gia kubwa na ndogo lazima ukae katikati, la sivyo stata haipokei kitu. Nimeshaitwa porini, nimefika, nikausogeza ule mkono, trekta ikawaka. Nauli nilidai.

Betri ipime kwa mita ikiwa imetulia. Ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 usihangaike na kingine, kachaji kwanza. Halafu ipime wakati ufunguo umezungushwa. Ikiporomoka chini ya 10 hivi, betri haibebi mzigo, hata kama taa zinawaka vizuri.

Vichwa vya betri usivikague kwa juu. Vua kabisa, ukianza na hasi, uangalie ndani ya tundu. Nje panaweza kung'aa huku ndani pamejaa ukoko wa kijivu. Mwagia maji ya moto, sugua kwa msasa hadi risasi ing'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Wapo wanaopaka grisi kwanza halafu wanakaza, mimi sipendi.

Waya wa ethi ndio unaosahaulika kuliko vyote. Unatoka hasi ya betri na kufungwa kwenye bodi ya trekta, mara nyingi juu ya rangi, kutu na tope la miaka. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye bodi ya stata, kisha ufunguo uzungushwe. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu. Huna mita? Baada ya kujaribu kuwasha mara kadhaa, pitisha mkono taratibu kwenye kila kiungo. Kile cha moto ndicho kinachokula umeme wako. Na kama aliyetangulia alibadilisha waya mnene akaweka waya wa gari dogo, huo utaugundua kwa joto hilohilo.

Ukisikia tka-tka-tka ya haraka, rudi kwenye betri na viungo. "Tak" moja nzito kisha kimya, huku betri ni nzima na nyaya ni safi, hapo ndipo nami naanza kuishuku stata: shaba za ndani ya solenoidi zimeungua au kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha. Igonge taratibu kwa mpini wa nyundo. Ikiamka, mara nyingi ni kaboni. Itakufikisha nyumbani, lakini usiitegemee kesho.

Kuna ule mchezo wa kuunganisha solenoidi kwa bisibisi. Tafadhali. Ukifanya hivyo unairuka swichi ya usalama, na trekta ikiwa kwenye gia itawaka na kuondoka papo hapo, nawe umesimama mbele ya tairi la nyuma. Watu wamekufa hivyo.

Ikibidi stata ishuke, toa kwanza waya hasi wa betri. Kwa fundi usiiache ukaenda kunywa chai. Mwombe aijaribu kwenye betri yake kabla hajafungua chochote, kisha akuonyeshe kaboni na bushi (pete zinazoshika shafti) za zamani pamoja na mpya. Unapoirudisha, sugua uso wa stata na mahali inapokaa kwenye injini mpaka chuma kionekane, maana stata nyingi hurudishia umeme wake hapo hapo.