Sekstanti ya kale na boksi lake: majibu ya maswali yenu

Inboksi imejaa maswali ya sekstanti na mengi yanafanana, so nimechagua machache. Kwa asiyeijua, ni kile kifaa cha mabaharia cha kupimia jua au nyota iko juu kiasi gani kutoka upeo wa bahari.

Nimeona moja dukani, ya shaba, imeandikwa Kelvin & Hughes London 1917, na boksi lake linang'aa. Muuzaji anasema ni orijino ya vita vya kwanza. Nichukue?

Chukua kama pambo la sebuleni, na ulipe bei ya pambo. Kelvin & Hughes ilizaliwa 1947, pale Henry Hughes & Son walipoungana na Kelvin, Bottomley & Baird, sasa hiyo 1917 iliandikwa na nani? Ni kopi za kuuzia watalii, zimejaa kila kona. Mi huwa naanza na boksi kabla hata ya kushika kifaa, maana shaba inachongwa jina lolote mtu anapenda ila boksi ni gumu kudanganya. La kweli lina vipande vya mbao ndani vilivyokatwa kufuata umbo la sekstanti ile ile, kuna sehemu ya kila darubini na ya kifunguo kidogo cha kurekebishia vioo, ukifunga na kulitikisa taratibu hakuna kinachogonga. La kopi unakuta kitambaa tu na kifaa kinacheza humo.

Ndani ya kifuniko kuna karatasi ya njano, imeandikwa Kew. Imechakaa, niibandue?

Weee, usiguse! Hicho ni cheti, Kew Observatory kule London walikuwa wanapima sekstanti na kuandika inakosea kiasi gani, baadaye kazi ikahamia maabara ya taifa ya Teddington. Tafuta namba kwenye cheti uilinganishe na iliyochongwa kwenye tao, ule upinde wa chini wenye digrii, zikifanana basi boksi na kifaa havijaachana na bei inapanda. Ila tarehe ile ni ya kupimwa, sio ya kutengenezwa, inawezekana ilishazunguka baharini miaka kadhaa ndo ikapelekwa. Na ukikuta lebo yenye jina la Liverpool au Cardiff usishangae, wenye maduka ya bandarini walibandika majina yao kwenye vitu walivyonunua kwa mafundi wengine.

Nisugue na Braso?

Hapana. Kwenye tao kuna utepe mwembamba wa fedha wenye mistari ya digrii, ukiusugua mistari inafutika na hapo umebaki na chuma chakavu. Brashi laini tu inatosha.

Yangu ni ya mbao nyeusi, skeli nyeupe, na boksi ni pana chini afu linabana juu. Ni sekstanti kweli?

Hiyo ni oktanti, iliyotangulia sekstanti. John Hadley aliionyesha London mwaka 1731. Tao lake ni digrii 45 ila inapima hadi 90 kwa sababu vioo vinazidisha pembe mara mbili, sekstanti ina 60 inapima 120. Na boksi la umbo hilo ni la zamani kuliko yale ya mraba, litunze sana, mchwa wasilione. Skeli nyeupe mara nyingi ni pembe za ndovu, kwa hiyo usije ukaiweka kwenye begi ukapanda nayo ndege bila kuuliza sheria, uzee wa kitu haukuokoi pale kaunta.

Zama za GPS hizi nani anaitumia?

Wapo bana. Chuo cha jeshi la majini la Marekani kiliacha kufundisha kuongoza meli kwa nyota, 2015 kikarudisha, maana GPS inaweza kuvurugwa na nyota hazivurugwi. Na mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na kamal kabla ya yote haya, kibao na kamba yenye mafundo basi, wanaipima nyota ya kaskazini na safari inaenda. Ukitaka kujaribu yako kwenye jua, hakikisha vile vioo vyeusi vipo vyote na havina ufa, la sivyo pima nyota tu.