Unapopaki, muachie mwenzako nafasi ya mlango

Gari linaweza kumaliza wiki nzima kwenye foleni za Dar es Salaam bila kupata alama, likaja kukwaruzwa likiwa limesimama zake uani. Mara nyingi aliyelikwaruza hakuwa na ubaya wowote. Alipima nafasi ya gari lake tu. Hakupima ya mlango wa jirani, ya geti la mwenye nyumba, wala ya mtu atakayepita katikati na ndoo kichwani.

Tuanze na vipimo, maana ndipo ubishi mwingi unapozaliwa. Nafasi ya maegesho iliyochorwa vizuri huwa na upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5 hivi. Toyota IST ina upana wa karibu mita 1.7. Ukiiweka katikati inabaki sentimita 40 kila upande. Jirani naye akiweka lake katikati, kati yenu kuna sentimita 80, na mtu mzima anahitaji kama 60 kufungua mlango na kutoka bila kujikunja. Ukilalia upande mmoja kwa sentimita 30 tu, hesabu imeshaharibika. Sasa ingiza Land Cruiser V8, ambayo upana wake unakaribia mita 2, kwenye nafasi hiyohiyo: hata ikikaa katikati kabisa, inaacha kama sentimita 25 kila upande. Mwenye gari kubwa atafute nafasi ya mwisho kwenye mstari, upande wake wa abiria ukae karibu na ukuta, asijibanze katikati ya vigari viwili halafu akalalamika kwamba watu hawajui kupaki.

Sehemu nyingi zetu hazina mistari. Hapo pima kwa mkono: kutoka bega hadi ncha ya vidole vya mtu mzima ni kama sentimita 70. Simama kati ya magari mawili, nyoosha mkono. Kama haunyooki, hapo hapatoshi, rudi ndani ya gari ulirekebishe.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii. Magari yetu yana usukani kulia. Ukipaki kulia kwa gari la mwenzako, yote mawili yakiangalia upande mmoja, upande wako wa abiria ndio unaotazamana na mlango wake wa dereva. Wewe utatoka vizuri kabisa upande wako, ufunge, uende. Yeye akirudi ndipo atakapojua amefungiwa nje. Kwa hiyo nafasi kubwa iache kushoto kwako, hata kama wewe huihitaji. Akiwa ameingia kwa mbele na wewe ukaingia kwa kinyumenyume upande huohuo, milango ya madereva inatazamana, na hapo mkono mzima wa nafasi ndio kiwango cha chini. Ukimpaki kushoto kwake kwa mtindo huohuo, zinatazamana pande za abiria. Hapo mnaweza kukaribiana zaidi, mradi abiria wako wameshuka kabla hujaingia.

Kushuka nako kuna namna yake. Fungua mlango huku mkono mwingine umeshika ukingo wake, ili ukigusa gari la jirani, vidole vyako ndivyo viguse kwanza. Maeneo ya ufukweni upepo unaweza kuupora mlango ghafla, kwa hiyo usiusukume na kuuachia. Watoto wa siti ya nyuma ndio mabingwa wa kugonga. Ukifungua mlango wa nyuma, tazama ubavuni mwake karibu na kitasa cha kufungia. Kuna kiswichi kidogo cha loki ya watoto. Kiweke kwenye kufunga, na mlango huo utafunguliwa kwa nje tu, na mtu mzima.

Mbele na nyuma, ukipaki kandokando ya barabara, acha hatua moja ndefu kila upande, yaani sentimita 80 hadi mita moja. Kama aliye mbele yako ni Noah au Hiace, usimkaribie mno: mlango wa nyuma wa gari hilo hufunguka kwenda juu na unahitaji kama mita nzima nyuma yake. Ukilibana, mwenye mzigo atalazimika kupitisha magunia ubavuni, na ubavu wako ndio utakaosuguliwa.

Sasa kuziba. Kariakoo, misikitini siku ya Ijumaa, makanisani Jumapili, na hata kwenye nyumba za kupanga zenye geti moja, watu hupaki kwa kuzibana na kuacha magari nyutro ili yasukumwe. Ni utaratibu mzuri ukifanywa kwa akili.

Kwanza, ardhi iwe tambarare. Macho hudanganya, mwaga maji kidogo chini, na yakikimbilia upande mmoja, hapo si pa kuacha nyutro. Nyoosha matairi kabla ya kuzima, kwa sababu usukani hujifunga ufunguo ukitoka, na gari lililofungwa likiwa limekata kona litasukumwa kwenda kwenye ubavu wa jirani. Gari la manyua halina shida: toa gia, shusha hendibreki, weka mawe mawili kwenye tairi moja, mbele na nyuma.

Kwenye otomatiki ndipo watu wanapokosea. Ukiliweka N (nyutro) halafu ukazima, Toyota nyingi za ufunguo wa kawaida hazikuachii uuchomoe. Zile za kitufe cha kuwashia, ukizima bila kuwa kwenye P (gia ya kuegesha) umeme haukatiki kabisa, unabaki kwenye ACC (umeme wa redio na vifaa vidogo), na ukirudi jioni betri imekufa na gari lako ndilo limewazuia watu wote. Njia sahihi ni hii: weka P, zima, chomoa ufunguo. Karibu na mkono wa gia kuna kitufe kilichoandikwa SHIFT LOCK. Kwenye magari mengine kimefunikwa na kifuniko kidogo cha plastiki ambacho unakibandua kwa ncha ya ufunguo. Kibonyeze, ukiwa umekishikilia peleka gia N, kisha shusha hendibreki. Gari lenye hendibreki ya umeme kwa kawaida haliachii breki bila kuwashwa, kwa hiyo mwenye gari hilo asizibe mtu hata kidogo. Akatafute nafasi yake mapema.

Namba ya simu iandike kwa kalamu nene kwenye kadi, iweke kwenye dashibodi upande wa dereva, tarakimu zionekane mtu akiwa amesimama wima. Jina kamili usiandike. Matapeli wa simu nao wanatembea mitaani. Lakini namba isiyopokelewa ni karatasi tu. Kwenye ibada simu zote ziko kimya, kwa hiyo busara ni kupangana kabla: mwenye kubaki kwenye kikao aingie ndani, mwenye kuondoka mapema akae nje. Na ile ya “dakika mbili tu, natoka sasa hivi” tuiache. Anayeziba kwa dakika mbili abaki ndani ya gari.

Ukilazimika kulisukuma gari la mwenzako, mwite mlinzi ashuhudie. Vua pete na saa. Tumia viganja vilivyo wazi, kwenye bodi ya chuma karibu na maungio, pembeni mwa taa za nyuma. Usisukume kwenye spoila, kwenye taa, kwenye saitimira, wala katikati ya boneti; bati la bodi halifiki milimita moja, na kiganja kimoja kilichobeba uzito wa mtu kinatosha kuacha bonde. Mmoja asimame upande linakoelekea, awe na jiwe mkononi. Watu wawili wakishindwa kulitikisa, ujue breki imefungwa au liko kwenye P. Usiongeze watu. Ukishatoka, lirudishe lilipokuwa na urudishe mawe yake.

Upande wa geti, neno linalosikika kila siku ni “sijaziba, nimepaki ng’ambo.” Gari halitoki getini kama droo. Kulikata kona kunahitaji nafasi: magari mengi madogo yanageuka kwa nusu kipenyo cha mita 5 hivi, na Noah zaidi ya hapo. Mtaa wenye upana wa mita 5, gari likipaki ng’ambo ya geti linakula karibu mita 2, na anayetoka anabaki na 3. Atatoka kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara nne, na kwenye moja ya hizo atagusa kitu. Mitaa myembamba acha wazi upana wote wa geti, mita 2 kila pembeni, na kipande kama hicho ng’ambo. Kama geti ni la kufunguka kwa nje, kila ubawa unafagia duara la upana wake. Geti la mita 4 lenye mbawa mbili linahitaji mita 2 mbele ambazo hazina boneti ya mtu.

Fikiria pia magari ambayo hayaji kila siku. Boza la maji, gari la kunyonya majitaka na gari la zimamoto yana upana wa mita 2.5 bila kuhesabu vioo. Njia ikibaki chini ya mita 3, boza litageuza, na nyumba nzima itakaa bila maji kwa sababu ya gari moja lililopakiwa kivulini.

Angalia unachokanyaga. Mifuniko ya chemba na mashimo ya majitaka majumbani mara nyingi imemwagwa kwa ajili ya kubeba watu, si gari la kilo 1,200, na uzito huo haugawanyiki sawasawa: upande wa injini una sehemu kubwa zaidi. Tairi likisimama katikati ya mfuniko mwembamba, unaweza kukatika usiku bila mtu kuugusa. Ukiona duara au mraba wa zege, vijimfuniko vya plastiki au boksi la mita ya maji, sogea. Kupanda kingo ya barabara kwa tairi moja nako kunaumiza ubavu wa tairi lako na kung’oa pevingi za mwenye duka.

Gari linalovuja oili liwekewe boksi lililofunguliwa au bati chini ya injini. Oili ikishadondoka kwenye pevingi, nyunyiza maranda au mchanga mkavu mara moja, acha inyonye, fagia, kisha sugua kwa sabuni ya unga na brashi ngumu. Usimwage petroli. Inaisambaza oili, na moto hauko mbali. Maji yanayodondoka ukiwa na eisii hayana neno. Paipu ya moshi isitazame dirisha la chumba cha mtu wala maua ya mama mwenye nyumba. Maua yanaweza kuungua kwa joto la moshi unapopasha injini asubuhi.

Madereva wa bodaboda: stendi ya pembeni iko kushoto, na ikizama pikipiki inaangukia kushoto. Kwa hiyo upande wa kulia ndio ukae karibu na gari la mtu, wa kushoto uangalie wazi. Kwenye mchanga, au lami iliyolainika kwa jua la mchana, weka kipande cha kigae au jiwe bapa chini ya stendi. Stendi ya katikati ni salama zaidi. Na boneti ya mtu si benchi wala meza: vifungo vya jinzi, funguo za mfukoni na chini ya beseni la maembe vyote vinachora. Vijana wanaofuta vumbi kwa kitambaa kikavu ili wapewe chochote wanasugua mchanga kwenye rangi. Kama unataka gari lako lifutwe, limwagiwe maji kwanza.

Ukishamgusa mwenzako, baki hapo. Piga picha za magari yote mawili yakiwa jinsi yalivyo, na namba zake, kabla hujasogeza. Kama mwenyewe hayupo, acha namba yako chini ya waipa na mwachie mlinzi maelezo. Kisha pitisha ukucha kwenye mkwaruzo. Usipokwama, huenda ni tabaka la juu tu, na kampaundi na polishi vinaweza kuuondoa; rangi ya gari lako iliyobaki kwenye bampa lake hutoka vivyo hivyo. Ukucha ukikwama, ni kupiga rangi. Mkitaka kupitia bima, bima ndogo yako (ile ya mtu wa tatu) ndiyo itakayohusika na gari lake, lakini lako utalitengeneza mwenyewe, na taarifa ya polisi itahitajika, kwa hiyo waiteni trafiki kabla ya kuondoka. Mkipatana wenyewe, andikeni kwa mkono: tarehe, namba za magari, sehemu iliyoumia, kiasi na siku ya kulipa.

Wengi hugombana kwenye bei kwa sababu aliyegonga anaona mstari wa sentimita 10 na fundi anataja mlango mzima. Fundi yuko sawa. Rangi ikipigwa kiraka inaonekana juani, hasa zile za kumetameta, kwa hiyo hupigwa paneli nzima. Nyeupe ya lulu ni miongoni mwa zilizo ghali zaidi, kwa kuwa inahitaji tabaka tatu: nyeupe ya chini, lulu yenyewe, kisha kilia ya juu, yaani vanishi angavu. Mwenye gari ndiye achague fundi. Aliyegonga ana haki ya kuona bei imeandikwa, na pesa amtumie fundi moja kwa moja.