Ukitaka kumsoma Harry Dresden, anzia kitabu cha tatu

Vitabu vya The Dresden Files vya Jim Butcher mie nimevisomea zaidi kwenye feri ya Likoni, asubuhi nikivuka kwenda kazini na jioni nikirudi, na watu huniuliza waanzie wapi maana viko vingi na cha kwanza, Storm Front, kilitoka 2000. Anzia cha tatu, Grave Peril. Vile viwili vya mwanzo vinasomeka lakini mkono wa mwandishi ulikuwa haujakomaa, nami nilikaribia kumuacha hapo hapo, na ningekosa mengi wallahi.

Dresden ni mpelelezi wa Chicago mwenye uchawi, ila kumuita mchawi nashindwa, kwetu hilo ni tusi, kwa hivyo mie namuita mganga. Jina lake liko kwenye kitabu cha simu, watu wampate, kama yale mabango ya waganga kwenye nguzo za stima, isipokuwa hawa wetu wanaahidi kumrudisha mpenzi na yeye kwenye tangazo lake amesema kabisa dawa za mapenzi hafanyi.

Kilichonishika hasa ni mambo ya mlango. Kiumbe wa giza haingii nyumba ya watu bila kukaribishwa, na akilazimisha basi nguvu zake nyingi anaziacha nje, na uzito wa mlango unatoka kwa wanaoishi mle ndani, yaani nyumba yenye familia, watoto, miaka ya kupika na kugombana na kupatana, hiyo ina mlango mzito, lakini chumba cha Dresden anayekaa peke yake kinga yake ni hafifu. Sisi tuliolelewa kupiga hodi na kungoja tuambiwe karibu tunalielewa hili bila kufunzwa. Nyanyangu alikuwa hatuachi tukae kizingitini magharibi ikiingia, na nilipofika pale nilimkumbuka mpaka nikafunga kitabu kidogo.

Halafu deni. Humu jambo likitendeka halisahauliki. Kitabu cha tatu Dresden anamuokoa mpenzi wake kwa nguvu na hapo anawasha vita na wanyonya damu ambavyo haviishi mpaka kitabu cha kumi na mbili, Changes, cha 2010, na ndio maana nakwambia anzia hapo, ushike uzi mwanzo wake. Mkono wake unaungua kitabu cha sita, cha saba bado anauvalia glavu. Sijui hadithi nyingi zenye subira hiyo.

Sasa ubaya wake, na huu unaniuma kama mwanamke. Kila mwanamke akitokea, hata awe amekuja kuua, kwanza tuelezwe kifua, tuelezwe miguu, ndio hadithi iendelee. Wako wanaomtetea ati Dresden ni mtu wa kizamani ndivyo aonavyo, mie sikubali, kwa sababu Karrin Murphy yule afisa wa polisi ameandikwa vizuri, ana hasira zake na msimamo wake, kwa hivyo mwandishi anaweza akitaka. Kama una binti wa miaka kumi na mitatu, soma wewe kwanza kabla hujampa.

Na jambo jengine, baada ya Skin Game ya 2014 tulingoja hadi 2020, ndipo vikaja viwili mwaka mmoja, Peace Talks na Battle Ground. Usiguse cha kwanza kama cha pili huna mkononi, kinakatika njiani. Hicho cha pili karibu chote ni vita vya usiku mmoja, milipuko juu ya milipuko, mie nilichoka, nilitamani wakae chini wazungumze kama zamani.

Nakala yangu ya Grave Peril nimempa mpwa wangu kule Mtwapa, ameshapiga simu mara mbili anataka cha nne.